Madumu Matano

Mama hakuuliza kitanda kiko wapi, wala choo. Alilizunguka gari zima kimya, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe, kisha akauliza, "Maji yanaingilia wapi?"

Ilikuwa Machi 2019. Alikuwa na wiki mbili tangu ashuke Frankfurt na begi lililojaa dagaa, unga wa muhogo na koti la mtumba la soko la Karume ambalo, kusema kweli, lilikuwa zito kuliko langu. Mimi nilikuwa nimepata likizo ya siku tano kazini Köln, Ujerumani, nikaona nikodi kempa, lile gari lenye jiko, kitanda na choo humo humo, tufuate mto Mosel polepole kutoka Koblenz kwenda Trier. Nilitaka aone mashamba ya mizabibu. Sawa, nilitaka pia aone kwamba mwanawe si haba.

Nikamwonyesha kifuniko cha buluu ubavuni mwa gari, kinachofungwa kwa ufunguo kama kile cha mafuta. "Hapa, Mama. Tangi la lita mia moja."

Midomo yake ikacheza kidogo. "Madumu matano," akasema. "Watu wawili, siku tatu. Nne tukijibana."

"Huku hakuna kujibana, Mama."

Hakunijibu. Akapanda ndani kuhesabu sufuria.

Sisi ni watu wa Kimara. Anayeijua Dar es Salaam ya utoto wangu hahitaji maelezo zaidi, ila kwa wengine: matangi makubwa yanayopokea maji ya mtambo wa Ruvu Juu yako huko huko Kimara, na bomba la uani kwetu lilikuwa likikohoa hewa wiki nzima. Maji yakija, yalikuja saa nane au saa tisa usiku, kwa wizi, bila kuaga wala kubisha hodi. Kwa hiyo koki haikufungwa. Chini yake Mama aliweka ndoo tupu, na tone la kwanza likigonga plastiki alikuwa ameshasimama, anatupigia makofi mlangoni: "Maji! Maji! Amkeni!" Tulijaza mapipa, madumu, masufuria, hata birika. Sijui alilala lini mwanamke yule. Nadhani alilala na sikio moja bombani kwa miaka ishirini.

Mimi niliondoka huko nikaapa kutobeba dumu tena. Jioni ya kwanza ya safari nilioga kwenye kile kibafu cha kempa kama ninavyooga nyumbani Köln, huku naimba. Nilipotoka, taa nne zinazoonyesha kiasi cha maji zilikuwa zimebaki mbili. Mama aliziangalia, akaniangalia mimi, akajipakulia wali.

Kesho yake jioni ilibaki taa moja, na hapo ndipo nilipojua kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Mwezi wa tatu, vituo vingi vya magari haya bado vimefunga maji kwa kuogopa baridi isipasue mabomba. Kituo cha kwanza tulikuta koki imevishwa gunia na kukazwa kamba. Cha pili, bati limepigiliwa. Mto wote ule unapita pembeni yetu, mpana, unang'aa, meli za mizigo zinapita juu yake, na sisi tunatafuta maji ya chai. Mama alikuwa anaufuata kwa macho dirishani. "Ni kama Kimara tu," akasema, na nilimsikia akifurahi.

Cha tatu, katika kijiji kidogo chini ya mlima wa mizabibu, kilikuwa wazi. Palikuwa na nguzo ya chuma yenye koki mbili na mashine inayokula sarafu ya yuro moja. Haitaki noti, haitaki kadi, haitaki senti hamsini mbili. Yuro moja, lita mia. Nilimtafsiria Mama. Siku zile ilikuwa kama shilingi elfu mbili na mia sita, na akanyamaza kwa muda ambao mtu hutumia kugawa kwa tano. "Dumu mia tano na ushee," akasema. "Bei ya kule kule."

Mpira wetu ulikuwa umeviringishwa nyuma, chini ya viti vya kukunja. Mpira wa kituo ulikuwa unaning'inia pale pale kwenye nguzo, tayari. Nikaushika.

"Weka chini huo."

"Mama, ni wa maji."

"Nimeuona saa hii hii. Yule mzee mwenye kofia kaingiza ncha yake chooni."

Na kweli. Koki ya chini ni ya kusuuzia kaseti ya choo, kile kisanduku cha uchafu kinachochomolewa kwenda kumwagwa, imeandikwa kabisa kwamba maji yake si ya kunywa, ila sikusoma kwa sababu nilikuwa na haraka. Koki ya juu ndiyo ya tangi. Hazijaachana hata mita moja. Mama hajui Kijerumani hata neno, lakini alikuwa amekaa dirishani anaangalia nani anafanya nini na maji gani, kama alivyokaa maisha yake yote. Nikaenda kufukua mpira wetu, ule wa buluu, nikatafuta katika mfuko wa viungo vya plastiki kile kinachoingia kwenye koki ile, maana kila kijiji kina koki ya unene wake.

Tuliambiwa siku ya kukodi kwamba kabla ya kujaza uache maji yapite mpirani kidogo, yatoe uchafu na ile harufu ya plastiki. Nikatia sarafu, yangu ya mwisho, nikaelekeza mpira kwenye mtaro. Mama aliwahi kama golikipa. Ndoo ilikuwa chini ya mpira kabla sijamaliza kusema kitu. "Ya kuoshea vyombo," akasema. "Umeshayalipia."

Kujaza tangi la kempa ni kazi ya sikio. Huoni kitu, unasukuma mpira shimoni unasikiliza. Mwanzo mlio ni mzito, wa maji yanayoanguka mbali gizani. Halafu unapanda, unapanda, unakuwa mwembamba kama filimbi, na hapo unapaswa kufunga. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Mama ndiye aliyepiga kelele, "Yamejaa!" na papo hapo maji yakarudi shimoni yakaniingia kwenye mkono wa koti mpaka kwapani, mengine yakabubujika chini ya gari kupitia bomba la kutolea maji yaliyozidi. Koki haikufungika mara moja, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikamwona mama yangu, miaka sitini na saba, amechuchumaa karibu na gurudumu na sufuria ya wali.

Usiku nilizima hita. Feni yake ilikuwa inanguruma, sipati usingizi, na Mama alisema blanketi mbili zinamtosha. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni kwamba sikuzima pampu ya maji. Msichana wa mahali tulipokodi alinieleza yote mawili kwa karibu dakika arobaini, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza tangazo la mazishi ya asiyemjua.

Nilisikia Mama akiniita. "Baba. Baba, amka. Kuna mashine inalia."

"Ni friji, Mama. Lala."

Kimya. Kisha baridi ikaniuma usoni. Mlango ulikuwa wazi.

Nilimkuta nje, kanga kichwani, koti la Karume juu ya gauni la kulalia, beseni la kuoshea vyombo limesukumwa chini ya gari. Kutoka kwenye kibomba chembamba ambacho sikuwahi kukiona, maji yalikuwa yanatoka mfululizo, yanafuka mvuke. Nyasi zilizozunguka zilikuwa nyeupe kwa barafu. "Beseni limejaa," akasema bila kugeuka. "Lete ndoo."

Nilileta ndoo. Nikaleta sufuria mbili, nikaleta birika. Nilikuwa naleta vyombo kama mtoto wa darasa la tatu, na haikunijia kabisa akilini kwenda kuzima pampu. Mlango wa gari la jirani ukafunguka, akatoka yule mzee mwenye kofia, sasa bila kofia, ana tochi. Alimulika maji, akamulika Mama, akamulika mimi nikiwa na birika. Akauliza kitu kimoja tu: pampu imezimwa? Nikakimbilia ndani. Nilipobonyeza swichi, ngurumo ikakata, na nje kibomba kikatema mara mbili tatu kikanyamaza. Taa za tangi hazikuwaka hata moja.

Asubuhi ndipo nilipofungua kitabu cha maelekezo. Boila ya gari lile, yaani chombo kinachopasha maji moto, ina koki inayojifungua yenyewe. Joto la pale ilipo likishuka karibu nyuzi 3, inaachia maji yote ya boila yamwagike nje, ili yasigande yakaipasua. Ni lita kumi tu, hakuna hasara. Lakini pampu ikiwa imewashwa, inahisi msukumo umepungua, inadhani kuna mtu kafungua bomba, basi inasukuma. Ikasukuma tangi zima, kwa uaminifu kabisa, majanini. Na koki ile haikubali kufungwa mpaka pawe na joto tena. Nilibonyeza kitufe chake labda mara thelathini, kila mara kinaruka nje.

Mama alikuwa amepanga vyombo sakafuni kuanzia mlangoni mpaka kitandani, kila kimoja kimefunikwa: sahani juu ya sufuria, ubao wa kukatia juu ya ndoo. Tulivukavuka kama watu wa mafuriko. "Dumu moja na kidogo," akasema. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa nasubiri aseme. Alinawa uso kwa kikombe kimoja. Akachemsha chai ya tangawizi, akamimina kikombe cha tatu, akanituma nimpelekee mzee wa jirani.

Mzee alikuja nacho kikombe kile mkononi hadi kwetu, akapiga magoti mbele ya koki ya boila, akatoa mfukoni kibanio cha nguo. Cha mbao, cha kawaida, kile kile cha kuanikia. Akabonyeza kitufe, akakibana kwa kibanio, kikatulia. Alinionya nisizime hita tena maana sasa koki haiwezi kujiokoa, nikamwitikia, safari hii kwa masikio. Mama alimwangalia kwa heshima kubwa. Aliniambia nimuulize mkewe anaitwa nani. Mzee akasema mke alikufa, miaka miwili sasa. Mama akasema pole, kwa Kiswahili, na mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Akaondoka na chapati mbili kwenye karatasi.

Nilikwenda kijijini, nikanunua mikate midogo kwenye duka la mwokaji ili tu nipate chenji, nikarudi na sarafu nne za yuro. Nikalisogeza gari hadi kwenye nguzo. Nilipozunguka kwenda kuchukua mpira nikakuta umeshafungwa kwenye koki ya juu, sijui alijuaje kiungo kipi. Chini yake ndoo, pembeni beseni, sufuria kubwa, sufuria ndogo, birika, na chupa tatu za soda alizookota mahali, vifuniko vimetolewa. Mama alikuwa amesimama kichwa kimeinama karibu na shimo la tangi, sikio tayari, mkono mmoja kwenye koki.

"Zima simu," akasema. "Haya, tia."