Mafua ya kila asubuhi, kumbe ni mto

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka na chafya. Si moja wala mbili. Nane, tisa mfululizo, pua ikitiririka maji na macho yakiwasha hadi nayafikicha. Ikifika saa nne, kimya. Nikajifanya daktari, nikameza dawa za mafua mpaka nikachoka.

Kilichonizindua ni kwamba mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na mara nyingi koo huuma au homa hupanda. Mimi homa sikuwa nayo hata siku moja, ila muwasho tu. Huo ni mzio (aleji).

Daktari aliniwekea mkononi matone ya vitu vinavyoweza kuleta mzio, akadunga ngozi kidogo juu ya kila moja, tukasubiri dakika 15. La chavua na la paka, hakuna kitu. La utitiri wa vumbi likavimba kama nimeumwa na mbu. Utitiri ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula magamba ya ngozi yetu na kujificha kwenye godoro na mito. Kinacholeta shida hasa ni kinyesi chao (samahani kwa mnaosoma mkila).

Nikavalisha godoro na mto vifuniko visivyopitisha utitiri, zulia nikalitoa chumbani, shuka nikawa nafua kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60. Dawa ya mzio nilitumia mwanzoni tu.

Siku hizi nikiamka napiga chafya moja, tena si kila siku.