Mchana wa watoto wetu ni wa nani?

Kila Baraza la Wawakilishi la Zanzibar linapokaa Chukwani kujadili bajeti, redio yetu hapa Wete haizimwi. Nazitegea sikio hotuba za elimu na za vijana. Nasikia skuli za ghorofa, madawati, maabara, na nashukuru kwa dhati, maana mimi nimesoma darasa lililojaa hadi wengine tukikaa chini. Lakini mtoto akishatoka skuli, mchana wake anaupangia nani?

Mila yetu imejibu nusu ya suali. Watoto hula, kisha huenda chuoni kusoma Kurani, na maalimu wengi husomesha kwa ada ndogo au kwa kutaraji thawabu tu. Wazazi ndio waliobeba jambo hilo miaka yote. Nusu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, hasa likizo inapoangukia msimu wa karafuu. Utawaona wadogo wanaingia mashambani peke yao kuokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, wauze, na mzazi hajui wako chini ya mkarafuu upi wala wamekutana na nani. Tunapolia na udhalilishaji wa watoto hapa Pemba, hizi saa zisizo na mwenyewe tunazitaja kwa nadra mno.

Majengo hatukosi. Kila skuli inapoachana na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, madarasa yake hubaki matupu mchana. Nilimwendea mwalimu mkuu mmoja kumuomba chumba cha klabu ya kusoma na cha ushoni. "Chumba chukua hata leo, dada yangu," akanambia. "Lakini umeme ukiisha nani atanunua? Mlinzi je? Na mwalimu atakayebaki hadi Alasiri, nauli yake?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu anasema kweli. Wafadhili nimewaona: huleta kompyuta, fulana na semina, na watoto hufurahi. Mradi ukimalizika, mlango hufungwa. Fedha za mradi hupenda kuanzisha kitu, na klabu ya watoto inataka fedha zilezile kidogo, kila mwezi, bila kukatika. Ndiyo maana nasema mahali pake katika bajeti si kwenye kazi za maendeleo. Ni kwenye kazi za kawaida, pamoja na chaki na mishahara. Tarehe 23 Septemba 1964 serikali ilitangaza elimu bila malipo, ikaibeba gharama ya darasani. Naitaka iubebe na mchana.

Kuna watakaosema serikali haiaminiki kwa fungu dogo namna hiyo. Hao nawajibu kwa mfano wa Marekani. Wao wana mfuko wa serikali kuu wa vituo vya watoto baada ya saa za skuli na wakati wa kiangazi, ulioanzishwa mwaka 1994, na siku hizi ni takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Julai 2025 serikali yao ilizizuia fedha hizo. Majimbo zaidi ya 20 yakaenda mahakamani, wabunge wa vyama vyote viwili wakalalamika, na kabla mwezi haujesha zikaachiwa. Fedha zilikuwa zimeshapitishwa na Bunge lao, basi watu walikuwa na pa kushika. Sisi mradi wa mfadhili ukifungwa tunamshitaki nani?

Sheria ya Baraza la Vijana tunayo tangu 2013, na mabaraza yapo hadi kwenye shehia. Vijana hao wangeweza kuziendesha klabu hizi vizuri kuliko mgeni yeyote, wakipewa posho ya heshima.

Barua nimeshaiandika, na sheha amekubali tuipeleke pamoja kwa Mwakilishi wetu. Tunaomba mambo manne kwa skuli moja: umeme, mlinzi wa mchana, nauli ya walimu wawili, na uji kwa watoto. Mfuko wa jimbo ukitusaidia kuanza, alhamdulillahi. Ila mstari wa mwisho wa barua unaomba fungu hilo liingizwe kwenye bajeti ya wizara, kwa jina lake.