Siku moja na seli zinazohisi msukumo wa damu

Saa 1 asubuhi. Kabla hata sijaweka begi chini, nafungua kabati la joto la nyuzi 37 nione seli zangu zimeamkaje. Ni seli za bitana ya mishipa ya damu, zilizotoka kwenye kiungamwana, na zimetandaa chomboni kama vigae vilivyopangwa na fundi mlevi.

Saa 2 na nusu naziunganisha na pampu. Upande mmoja majimaji yanapita moja kwa moja; upande wa pili yanakwenda na kurudi, kama damu inavyoyumba pale ateri ya shingo inapogawanyika. Kolesteroli huzunguka mwili mzima, lakini mafuta huanza kuganda kwenye panda na kona za ateri. Kwa nini hapo? Swali hilo ndilo linalonipa mshahara.

Saa 4 kiputo cha hewa kimepita kwenye mpira wa pampu. Kimoja tu! Kimekwangua seli zote za chombo cha tatu, na malezi ya wiki nzima yamekwenda na maji.

Mchana wote niko kwenye meza isiyotikisika. Kazi ni kuugandisha utando wa seli kwenye ncha ya kioo nyembamba kuliko seli yenyewe, kuunyonya kidogo, kisha kupima umeme unaopita chaneli, yaani kitundu cha protini kwenye utando, inapofunguka. Ninayoisaka ni Piezo1, protini yenye mapanga matatu kama ya feni. Utando ukivutwa, mapanga hulala, mlango wa katikati hufunguka na kalsiamu huingia. Jaribio la 9 limevuja. La 10 pia. Siku kama hizi hujifariji na Bertrand Coste, mtafiti wa maabara ya mwanasayansi Ardem Patapoutian: alizima jeni moja baada ya nyingine kwenye seli zinazoitikia kudonolewa kwa ncha ya kioo, na ilipofika ya 72, jeni ya Piezo1, ndipo seli zikaacha kuitikia kudonolewa. Matokeo yalichapishwa 2010. Patapoutian akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mimi la 14 limeshika.

Saa 10, kikao. Mwanafunzi anauliza: "Daktari, kama chaneli hii inachochea uvimbe (inflamesheni) kwenye kona za ateri, si tuizibe tu?" Kizibo kipo, GsMTx4, kinatokana na sumu ya buibui. Na kweli, panya walioondolewa Piezo1 kwenye bitana ya mishipa hupata mgando mdogo wa mafuta. Ila panya hao hao presha huwapanda, kwa sababu kwenye mkondo ulionyooka chaneli hiyo ndiyo huifanya bitana itoe gesi ya nitriki oksidi, na ateri ikalegea. Mlango ni ule ule, kalsiamu ni ile ile. Seli inajuaje ni mkondo upi? Mimi naamini tofauti iko kwenye yale yanayofuata ndani ya seli. Mwenzangu hakubali, na chai imepoa tukibishana.

Saa 1 usiku nachungulia tena. Za mkondo ulionyooka zimeanza kurefuka kuufuata. Za upande wa pili bado vigae. Naikagua mipira yote kwa tochi, inchi kwa inchi, nikitafuta viputo.