Siku moja ya matroni mafua makali yakiingia bwenini

Mimi ni matroni wa shule ya sekondari ya bweni ya wasichana hapa Njombe. Nilisomea uuguzi kabla ya kuja kuishi na watoto hawa. Watu wengi wakisikia matroni wanamfikiria mama mkali wa kukagua vitanda na kunyang'anya simu. Nimeandika siku hii moja ya Julai, wiki ya pili tangu shule zifunguliwe, ili mzazi ajue tunafanya nini mafua makali yakiingia katikati ya baridi la huku.

Saa 10:30 alfajiri

Kengele ya kuamka bado. Naanzia chumba cha wagonjwa. Kina vitanda vinne, kwa hiyo tumekiongezea stoo ya magodoro iliyosafishwa na kupigwa deki. Wamelala mabinti 14. Kila mmoja namuuliza kama amekunywa maji na kama amekwenda haja ndogo tangu usiku, nampima joto, kisha nahesabu pumzi. Anayepita dirishani ataona nimekaa tu kando ya kitanda natazama saa. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, kwa kuangalia blanketi linavyopanda na kushuka, tena bila kumwambia mtoto, maana akijua anahesabiwa anabadilisha anavyopumua. Binti wa umri huu akifikisha pumzi 30 kwa dakika simsubirishi, namwamsha dereva.

Kila kitu kinaingia kwenye daftari: jina, bweni, kidato, siku homa ilipoanza, joto, pumzi. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha mapema kwamba haya si mafua ya kawaida. Ndani ya siku mbili waliongezeka watano, wote wa bweni moja, wa vitanda vilivyopakana. Siku ileile mkuu wa shule alimpigia mganga mfawidhi wa kituo cha afya, naye akapeleka taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya. Waliotoka likizo Dar es Salaam, Kyela na Morogoro walipimwa malaria kwanza. Malaria huku ni chache, lakini mtoto aliyeumwa na mbu likizoni homa humkuta huku shuleni.

Saa 12:00 asubuhi

Mabweni. Kazi kubwa hapa ni madirisha. Kwa baridi la Julai watoto wanaziba kila tundu kwa magazeti na kanga, na bweni zima linavuta hewa moja usiku kucha. Naelewa kwa nini wanaziba, na sitaki walale wakitetemeka, kwa hiyo nilianza kwa kutafuta blanketi za ziada, ndipo nikaanza kufungua. Vitanda vya deka tumevisogeza kadiri chumba kinavyoruhusu, na majirani wanalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwingine, ili anayekohoa asimkoholee mwenzake usoni.

Mstarini nimeongea dakika tano tu. Kohoa kwenye kiwiko, usichangie kikombe, ukisikia homa njoo mapema, hakuna atakayekugombeza. Hilo la mwisho narudia kila siku. Mtu huanza kuambukiza wenzake hata siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, kwa hiyo anayejificha na homa siku mbili ameshatutangulia mbali.

Saa 3:00 asubuhi

Mwalimu wa taaluma yupo mlangoni. Kidato cha nne wana mtihani wa majaribio na watahiniwa wake wanne wako kwangu.

"Matroni, ni mafua tu. Wafanye mtihani, wakimaliza warudi kulala."

Namheshimu, kijana anawapenda wanafunzi wake. Lakini neno "tu" linanichosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani kwa matatizo ya upumuaji. Wanafunzi wetu hawachanjwi mafua, chanjo hiyo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto hapa nchini. Nilimwambia: ukiwaingiza hawa wanne kwenye ukumbi uliojaa, wiki ijayo utakuwa unasimamia viti vitupu. Tukakubaliana anayerudi darasani ni yule aliyemaliza saa 24 bila homa na bila kumeza parasetamoli. Karatasi za wanne hao atazifunga, wafanye wakipona.

Saa 6 mchana

Getini kuna mzazi. Ametoka Makambako na gari la abiria, amebeba mfuko wa machungwa.

"Pole na safari, baba."

"Sijapoa, matroni. Mtoto anapiga simu analia, siku ya pili hajapewa dawa. Mmepewa watoto wa watu mnawaweka stoo kama magunia ya viazi. Nimekuja kumchukua."

Nilimvuta kiti. Mwanawe alikuwa na homa, mwili unauma, koo linawaka, ila alikuwa anakunywa na pumzi zilikuwa nzuri. Baba alitaka vitu viwili kabla hawajaondoka: amoksilini na drip. Nikamweleza kwamba amoksilini hupambana na bakteria na mafua huletwa na kirusi, haitamsaidia kitu. Drip ni ya mtoto aliyeshindwa kunywa, na wake amemaliza kikombe cha uji asubuhi. Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge alivyonunua njiani, aspirini. Nilivishika mkononi mwangu hapohapo. Mtoto mwenye mafua hapewi aspirini, inaweza kumletea ugonjwa wa ghafla wa ini na ubongo. Akaniangalia kama nimemwibia.

"Kwa hiyo nyinyi mnampa nini?"

Swali hilo nimeulizwa na wazazi wengi, na kila mara linanikaa kifuani. Mzazi akiona mkono wa muuguzi hauna sindano, anaona mtoto ametelekezwa. Nilimfungulia daftari. Nikamwonyesha jina la mwanawe limeandikwa saa nne usiku, saa saba usiku, alfajiri, asubuhi, joto na pumzi kila mara, parasetamoli kwa uzito wake, maji aliyokunywa. Nikamwambia, baba, hivi ndivyo tunavyompa. Wengi wakiangaliwa hivi wanapona ndani ya wiki. Kazi yangu ni kumjua mapema yule mmoja ambaye hatapona hivi: anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au ambaye homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu.

Bado alitaka kumchukua. Tulibishana karibu saa nzima, tumesimama, tumekaa, tumesimama tena. Nikamwambia angempandisha basi, madirisha yamefungwa kwa baridi, kati ya watu hamsini na watoto wao wamepakatwa. Alisema hao si watoto wake. Alisema anajua haki zake, na ni kweli anazo, sikumbishia. Mwishoni nikamuuliza nyumbani yupo nani.

"Mama yake. Na mtoto mchanga, ana wiki tatu."

Akanyamaza. Sikuongeza neno. Baadaye akaomba aonane na binti yake. Nikampa barakoa, wakaongea kupitia dirishani, akamenya chungwa mwenyewe na kumpitishia vipande. Nilimwandikia namba ya simu ya shule, pamoja na 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kupiga ni bure, akitaka kuuliza mtu mwingine asiyekuwa mimi. Aliondoka saa nane kasoro. Hakuniaga vizuri, lakini machungwa aliyaacha yote kwa wagonjwa.

Mchana

Chakula changu kilikuwa kimepoa. Vikombe vya wagonjwa vinachemshwa mbali na vingine. Ndoo za koki zilizoletwa mwaka 2020, wakati wa korona, nusu zimevunjika koki, kwa hiyo viranja wa afya wamefunga vibuyu chirizi nje ya bwalo na kila kimoja kina kipande cha sabuni kwenye kamba. Mabinti wa kidato cha kwanza wanavisimamia kwa uaminifu mkubwa, ukipita bila kunawa wanakurudisha. Wamemrudisha hata mkuu wa shule. Wamekuja wagonjwa wapya watatu, wamepona wawili. Uji wa tangawizi. Parasetamoli. Daftari.

Jioni sikumbuki vizuri mpangilio. Simu za wazazi, moja baada ya nyingine, maswali yaleyale, na kila mmoja anastahili sauti ya mtu asiyechoka. Prepo, masomo ya usiku, ikaanza, nikazunguka mabwenini kufungua madirisha yaliyozibwa tena.

Usiku

Nina orodha nyingine, imebandikwa ndani ya kabati langu: wenye pumu, wenye selimundu, mwenye tatizo la moyo. Hao nawatembelea hata wasipoumwa. Taa zilikuwa zimeshazimwa nilipofika kwa binti wa pumu. Alikuwa amekaa kitandani, mikono imeegemea magoti, anameza maneno. Alikuwa na mafua tangu jana, kidogo tu. Nikahesabu: 34. Ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta. Pampu yake tukaitumia pale pale, pampu na chupa ya maji iliyotobolewa ili dawa ifike kifuani, huku mwenzake wa kitanda cha chini akikimbia kumwita dereva.

Tulifika kituo cha afya akiwa ameniegemea begani. Wakampa oksijeni na dawa ya mvuke. Tabibu wa zamu akauliza dalili zilianza lini, ametumia nini, pumzi zilikuwa ngapi na saa ngapi. Nikampa daftari. Baada ya muda binti akaanza kuongea sentensi nzima, akauliza kama atakosa mtihani.

Nimebaki naye. Nikiwa pale kwenye benchi nimeandika mahitaji ya shule kabla baridi lijalo halijaanza: vipima joto vitatu, koki za ndoo, blanketi 40, wavu wa kuzuia wadudu ili madirisha yafunguke bila visingizio, na mtu wa pili wa kushika zamu ya usiku. Mkuu wa shule amejibu ujumbe wangu saa tisa usiku, naye hajalala. Kikao cha bodi ni Alhamisi na ameniambia orodha hiyo niiwasilishe mwenyewe, nije na daftari.