Mfasiri wa filamu bado yupo Manzese

Niliondoka Dar es Salaam mwaka 2008, mwaka mmoja kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika pwani yetu, wakati ambapo kutazama video mtandaoni kulimaanisha kwenda intaneti kafe, kulipia nusu saa na kuimaliza karibu yote ukisubiri picha ifunguke. Mwaka jana nilirudi kutoka Hamburg nikiwa na hukumu tayari mfukoni, kwa sababu sisi wa ughaibuni tukikutana huimba wimbo mmoja: vijana wa nyumbani wameinamia simu, hawasomi wala hawaamkii wakubwa.

Mpwa wangu wa Manzese, niliyemwacha na miaka mitatu, aliniamkia vizuri kabisa. Ila simu ilikuwa mkononi ikirekodi, na kabla sijavua viatu ndugu zetu wa Mwanza walikwisha kuniona kwenye status, wakauliza mbona nimekonda.

Wasomaji wa rika langu wanakikumbuka kibanda umiza: mabati, mabenchi, joto, televisheni moja, na filamu ya Hong Kong au ya Kihindi ambayo mfasiri, Lufufu akiwa miongoni mwa mashuhuri wao, ameiwekea sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mfasiri hakufuata maneno moja baada ya jingine. Alieleza, alikejeli, aliwazungumzisha mabwana wa mbali kama watu wa mtaani kwetu, nasi tukamjibu kwa kelele kana kwamba anatusikia.

Nilidhani kazi hiyo imekufa, hadi usiku mmoja niliposikia sauti ikitoka chini ya blanketi katika chumba cha mpwa wangu. Hukata tamthilia za Kituruki vipande vya dakika moja na nusu, huzisimulia upya kwa Kiswahili na kuzipandisha TikTok baada ya saa sita usiku, kwa kuwa kifurushi cha usiku ndicho anachokimudu. Katika kipande nilichokiona, mama mkwe wa Istanbul anamfokea mkwewe kwa sababu hajatoa hela ya mchezo wa wiki ile. (Wenye tamthilia hawakuombwa ruhusa, kama ambavyo hawakuombwa enzi za vibanda, hilo silitetei.)

Hata Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka Mkoa wa Pwani, ambaye Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alimtaja pamoja na dada yake Neema katika hotuba ya redio mwezi Februari 2022, nilikuwa nimemchukulia kuwa mwigaji tu wa nyimbo za Kihindi. Sasa namwona kwa jicho jingine: anachukua cha mbali na kukivalisha shuka la kwao.

Kilichobadilika ni hadhira. Kibandani tulicheka tukigusana mabega. Leo mama yangu hutazama peke yake uani, simu ikiwa karibu na sikio, na jirani yake hutazama kipande kilekile upande wa pili wa ukuta. Lakini maoni yakija kwamba mama mkwe ameonewa, mpwa wangu humpa utetezi katika kipande kinachofuata, jambo ambalo mfasiri wa kanda hakuweza kulifanya hata tungepiga kelele namna gani. Mabega ninayakosa mimi. Yeye hajawahi kuyajua. Fedha bado ni kidogo: muuza vitenge mmoja humlipa ataje duka lake katikati ya simulizi, kisha mizigo ya wateja wa Mbeya hupandishwa basi na picha ya risiti hutumwa WhatsApp.

Nilimweleza habari za Lufufu, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Akamtafuta palepale, akapata kipande cha kanda ya zamani chenye mikwaruzo, akasikiliza kwa muda.

"Anaongea polepole mno, Mjomba," alisema, kisha akakirudisha mwanzo na kuvaa visikilizio.