Dola ya Zarambo

Jina tulilipenda kwa mlio wake tu. Binamu yangu alilisikia gatini Wete, mabaharia wakitaniana, akavuka nalo kuja Mtambwe. Zarambo. Dola ya Zarambo! Mimi nikaona papo hapo minara, bendera na farasi. Kwamba zarambo ni pombe kali inayokenekwa kwa tembo la mnazi, hilo hatukuwa na habari nalo, na katika nyumba ya Bibi, ambako hata neno tembo lilitamkwa kwa kunong'ona, nani angetwambia?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mimi nina miaka 12, yeye 13, na shule zimefungwa ili watoto tukachume karafuu, kama ilivyokuwa kawaida Pemba msimu ukiwa mzito. Binamu yangu nitamwita Jemadari, maana cheo hicho alijipa mwenyewe siku ya kwanza na hakukiachia tena. Mimi niliachiwa kuchora ramani. Niliona nimepunjwa.

Chanzo cha yote ni fedha za Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walifukua pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogondogo, na chache za dhahabu. Kutoka kwetu si mbali. Maji yakitoka unakwenda kwa miguu. Watoto wote wa kijijini tulichimba mashimo yetu pia, tukaambulia vigae na kaa. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba upande mmoja wa sarafu zile pana jina la mtawala, na upande wa pili pana maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu, yamefungamana na jina hilo kwa vina. Jambo hilo lilimtia Jemadari wazimu. Mfalme aliyekaa hapahapa petu, panapofungwa ng'ombe, akipiga fedha yake mwenyewe, na juu yake shairi! Akagonga vizibo vya soda kwa jiwe mpaka vikalala bapa, akaviandika kwa msumari. Vina vyake vilikuwa vibovu, lakini sarafu tukawa nazo. Ikakosekana nchi ya kuzitumia.

Nchi tuliichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, zile za ndani zisizoguswa na vumbi, tukaziunga kwa gundi ya unga wa ngano mpaka zikafika ukubwa wa msala wa kuswalia. Rangi ya manjano ni binzari, ya kijani ni majani ya mchicha yaliyopondwa, nyeusi ni mkaa. Siku nne nzima, kila tukirudi kutoka mikarafuuni na vidole vinanata, tulilala kifudifudi juu ya Zarambo.

Kilikuwa kisiwa kimoja kikubwa, umbo lake kama kichwa cha mbuzi. Katikati mlima. Mto mpana ulitoka bahari ya kaskazini, ukapita chini ya mlima, ukaingia bahari ya kusini, kwa kuwa Jemadari alitaka manowari zipite mbele ya dirisha la mfalme. Kasri lilikaa ng'ambo ya mashariki. Majimbo saba, na kila jimbo na liwali wake, wote wana majina marefu yenye bin tatu au nne. Liwali wa kaskazini alikuwa msaliti. Usaliti wake ulitushughulisha jioni mbili. Bandari kuu tuliiweka mashariki kwa sababu jua linachomoza huko. Na kila pahala palipobaki wazi tulijaza mashamba ya karafuu, madoa ya kijani, maana hatukujua nchi inaweza kuwa na kitu gani kingine.

Siku ya tano Babu alikuwa barazani anasokota kamba ya makumbi. Alikuwa nahodha zamani: Tanga, Mombasa, Lamu, akipakia boriti na nazi. Macho yalikuwa yameanza ukungu. Jemadari akaitandaza ramani mbele ya miguu yake.

"Nchi gani hii?"

"Dola ya Zarambo, Babu."

Kahawa ikampalia. Alikohoa mpaka Bibi, aliyekuwa uwanjani anachambua karafuu, akainua kichwa. "Njoo uone wajukuu zako," Babu alimwita huku anafuta machozi, "wamesimamisha dola ya walevi!" Kisha akatuinamia na kutueleza maana yake kwa sauti ya chini. Jina likageuka hapohapo likawa Zaramani. Mimi sikulizoea kamwe. Hadi leo kwangu ni Zarambo.

Babu akaiweka kamba pembeni. Akaipitia ramani kwa kidole, taratibu, kama anayesoma chuo.

"Huu mto unatoka wapi?"

"Bahari hii, unaingia bahari ile."

"Chemchemi yake?"

Chemchemi hatukuwa nayo.

"Mto hushuka, mjukuu wangu. Hutoka juu ukenda chini kuitafuta bahari. Huu wenu umetoka chini ukenda chini. Maji yake matamu au ya chumvi?"

"Ya chumvi," nilisema polepole, maana nilikwisha kuona tunakoelekea.

"Basi si mto. Ni mlango wa bahari. Na nyinyi hamna kisiwa kimoja, mna viwili."

Nilitaka kufuta. Jemadari hakutaka. Alitazama ramani kwa muda, macho yakamng'aa, akasema, "Mimi nachukua cha mashariki. Kasri liko kwangu." Hivyo ndivyo dola yetu ilivyogawika, kabla hata kikombe cha Babu hakijapoa. Liwali msaliti, tuliyekesha kwa ajili yake, hakuwa na kazi tena.

Lakini Babu hakuwa amemaliza. "Na bandari?"

"Ya kwangu pia," alisema Jemadari.

"Imekabili bahari kuu. Kaskazi ikivuma inaupiga ubavu huo. Kusi ikivuma inaupiga ubavu huohuo. Chombo kitalala wapi? Hebu nitajieni, Wete iko upande gani?"

"Magharibi."

"Chake?"

"Magharibi."

"Mkoani?"

Hatukujibu. Nilikuwa nimezaliwa Pemba, nimekula samaki wake na kuoga hori zake, na sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini miji yetu yote mitatu imeipa mgongo bahari kuu. Babu akanionesha upande wangu wa ramani, ule wa magharibi, ambako nilikuwa nimechora vighuba viwili vitatu kwa urembo tu, mkono ukitetemeka. "Hapa," alisema. "Hapa chombo kinalala."

Jemadari akawa na kasri bila bandari, mimi bandari bila kasri. Akajitetea kwamba mfalme wake atakula kodi za majimbo. Babu akamuuliza kodi zitapita njia gani, na kweli, hatukuchora hata njia moja. Ndipo akatusimulia habari za Said bin Sultan. Hakupanda mlima wa mtu, alisema Babu. Alikaa Unguja akashika forodha. Pembe na karafuu sharti zipite mlangoni pake, na hiyo forodha yenyewe akaikodisha kwa matajiri wa Kihindi wampe fungu lake kila mwaka, yeye asihesabu hata gunia.

Miaka mingi baadaye, nikisoma Unguja mjini, nilikuta kwamba mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipoamua mwisho wa nchi ya Sultani huko bara, walimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Maili 10, kama aliyepiga mstari kwa rula. Nilicheka peke yangu, mwenye maktaba akanitazama. Nilimwona Jemadari amelala kifudifudi na kipande cha mkaa.

Ugomvi wetu ulipopanda sauti Babu alitoa hukumu. Aliwataja Majid na Thuwaini, watoto wa Said, ambao baba yao alipofariki safarini baharini mwaka 1856 waligombania Unguja na Maskati kama sisi. Mwingereza aliyetawala India ndiye aliyewaamua, 1861: kila mmoja akae na yake, na Unguja, kwa kuwa ndiyo tajiri, imlipe Maskati riali 40,000 kwa mwaka. "Mwenye bandari atamlipa mwenye kasri," alisema Babu. "Shokishoki arubaini kila msimu." Niliona nimeonewa, na bado naona hivyo.

Jemadari hakuridhika. Alitaka bandari yake mashariki, basi. Akatoa hoja ambayo sikuitegemea: Mkama Ndume. Kila mtoto wa Pemba anamjua, bwana wa Pujini, na Pujini iko mashariki.

"Ndiyo," alisema Babu, "na wanasema ilibidi achimbe mfereji ili vyombo viingie mpaka ngomeni kwake."

"Alichimba yeye?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi, kutoka uwanjani.

Bibi hakuwa ameacha kazi. Kuchambua karafuu unashika kishada, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha kidogo; karafuu zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Viganja vyake kwa miezi ile vilikuwa vyeusi na vina mng'aro kama mbao iliyopakwa mafuta. Alikuwa anafanya hivyo huku anasema: "Mkama Ndume. Mkama watu, aliwakama kama ng'ombe. Wanasema waliobeba mawe ya ngome ile hawakuruhusiwa kusimama; walisota kwa makalio na mawe mapajani. Mfereji atachimba yeye?"

Jemadari akanyamaza.

"Na hizo karafuu zenu," aliendelea Bibi, "anazichuma nani?"

"Watumwa," alisema Jemadari. Alilisema kama tulivyokuwa tukisema farasi.

Kishada kilibaki mkononi mwa Bibi, hakizungushwi. Kisha akakiweka chini, akajikung'uta kanga, akaja barazani akaketi karibu ya ramani, jambo ambalo hakulifanya siku zote nne za nyuma.

"Wangapi?"

"Wengi, Bibi."

"Majina yao?"

"Hawana majina. Ni wengi tu."

"Hawa wanaume saba wenye vilemba wanayo?" Tuliyasoma, na bin zao zote. Bibi akasikiliza mpaka la mwisho. Kwa utani wa siku zote alimwita Jemadari mume wangu, na siku ile pia alimwita hivyo, ila hapakuwa na utani ndani yake. "Mume wangu, mpe mwenzako kalamu."

Nikaishika. Bibi aliyataja bila kufikiri, moja nyuma ya jingine, kama mtu anayesoma uradi.

"Feruzi. Mabruki. Almasi. Faida. Tufaha. Baraka."

Niliyaandika juu ya madoa ya kijani. Yalipojaa nikaandika kwenye miteremko ya mlima, nikapita juu ya jina la liwali mmoja. Niliuliza hawa ni nani. "Andika," alisema. Babu alikuwa ameishika kamba yake tena na haisokoti.

"Zafarani."

Pahala pamekwisha. Nikaliandika kwenye maji, juu ya ule mlango wa bahari uliokuwa mto, herufi zikivuka kutoka ufukweni kwangu hadi ufukweni kwa Jemadari.

Sikuuliza tena, na Bibi hakusema tena. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba utumwa Unguja na Pemba uliondolewa kisheria mwaka 1897, nikapiga hesabu ya umri wa bibi yake Bibi, na kwamba mabwana wengi walikuwa na mtindo wa kuwapa watumwa majina ya vito, matunda na manukato.

Mvua ya vuli haikutupa nafasi ya kukaa kimya. Lilitanda wingu kutoka upande wa mikoko, na mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa jirani: "Anueni!" Karafuu za siku tatu zilikuwa uwanjani, zimeshaanza kushika wekundu wa kuiva. Zikirowa zinavimba na kupauka, zinakuwa mpeta, na mpeta mnunuzi anaitazama kwa dharau. Tulikimbia wote, hata Babu. Mikeka mitatu ikaingia ndani. Wa nne ulikuwa mzito, matone yameshaanguka, na Bibi akaikwapua ramani barazani akaufunika nao mkeka, akaweka mawe pembeni.

Saruji ina karatasi nzuri. Ilihimili. Mvua ilipopita tuliiinua, na chini yake karafuu zilikuwa kavu, isipokuwa kwenye kingo. Binzari ilikuwa imetoka, jangwa lote la kusini limeingia baharini, majani ya mchicha yamegeuka rangi ya chai. Maandishi ya kalamu yalibaki. Nyuma, karatasi nzima ilikuwa na alama za mafuta, vidoti vidoti, na ilinuka karafuu kwa miaka.

Shule zilipofunguliwa Jemadari alirudi kwao Wete. Asubuhi ya kuondoka alidai nchi yake. Tukaikunja ramani kwenye ule mlango wa bahari, akaupitisha ukucha mara mbili, akaulowesha mkunjo kwa mate, tukavuta kila mtu upande wake. Yeye alipata kasri na maliwali wanne. Mimi nilipata vighuba vyangu na deni la shokishoki, ambazo nilizilipa msimu mmoja tu, na tatu mbovu zilikuwamo.

Kipande changu ninacho. Kwenye ukingo wake wa kulia, palipochanika, pameandikwa Zafa. Rani alikwenda nayo Jemadari.