Mlima wa Kyarumba na kwadi yangu ya cc 250

Kituo chetu cha kuosha kahawa kipo mgongoni mwa mlima, juu ya Kyarumba wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Mashamba mengi yako chini, yanakotelemkia Mto Nyamugasani, kwa hiyo mzigo hupanda. Na kahawa nyekundu haisubiri. Ikichumwa asubuhi imenywe siku hiyohiyo, la sivyo inachacha ndani ya gunia na bei inaanguka. Miaka yote ilipanda vichwani mwa watu, wanawake hasa, maana boda hufika mahali wakageuza.

Ndipo nikanunua kwadi, pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa mtumba ya cc 250 kutoka Jinja, ilikokuwa ikizungusha watalii kando ya Nile. Nikaitengenezea trela.

Siku ya kwanza nilipakia magunia manne, kama kilo 280. Kona ya tatu ikanishinda. Injini ilikohoa, sailensa ikatoa moshi mweusi, klachi ikanuka kama kiatu kilichotupwa motoni. Nilishusha magunia mawili pale njiani, na akina mama waliokuwa wamefurahi kupumzisha shingo zao wakayabeba wenyewe hadi juu. Jambo hilo liliniuma kuliko hasara.

Jibu la kila mtu lilikuwa moja: injini ni ndogo. Fundi wa Kisinga aliniambia, "Kaka, mlima huu unataka cc 500. Uza hii." Nilimwamini. Nilianza hata kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wangu wawili.

Aliyenizuia ni mzee jirani, fundi wa mitambo mgodini Kilembe hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1982. Alikuja akakaa juu ya gunia tupu, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo injini imechoka au imekosa pumzi?" Sikumwelewa. Akaniambia nifungue plagi. Ilikuwa nyeusi tititi, na aliposugua ncha yake kwa kidole gumba, masizi makavu yalibaki kwenye ngozi. "Inakula petroli isiyopata hewa ya kuichoma," akasema.

Hewa hupungua jinsi unavyopanda. Injini isiyo na taabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na simu yangu ilionyesha kituo chetu kiko mita 1,850. Hiyo asilimia hairudi. Lakini yangu ilikuwa ikipoteza zaidi, kwa sababu kabureta iliendelea kumimina kiasi kilekile cha petroli cha kule chini. Tukatoa jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha petroli, namba 120, tukaweka ndogo zaidi ya 115. Moshi mweusi ukakoma kesho yake.

Nguvu iliongezeka, ila haikutosha. Mzee akageukia cheni. Sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni, ilikuwa na meno 14, inayofaa kukimbiza watalii kwenye tambarare, na akataka ya meno 12. Hesabu yake ni rahisi: mvuto kwenye magurudumu unapanda kwa karibu sehemu moja ya sita, na mwendo wa juu unashuka kwa kiasi hichohicho hivi. Kwadi iliyofika kilomita 60 kwa saa sasa inaishia 51. Nani anakimbia 51 kwenye njia ya Kyarumba? Ubaya wake ni kwamba cheni inalika upesi zaidi, na hilo nimelikubali.

Matairi ndiyo yaliyonishangaza. Nilikuwa nimeyajaza upepo 28, kama ya boda, nikidhani tairi gumu ndilo linalobeba. Kumbe kibandiko kwenye fenda, chini ya tope, kilisema 5. Tairi la kwadi limeumbwa kuwa laini, lilalie mawe na mizizi. Likiwa gumu linadunda na kuteleza, na nguvu yote ya injini inaishia kurusha udongo.

Baadaye nilisoma kwamba pikipiki ya kwanza ya Honda ya jamii hii iliyouzwa Marekani mwaka 1970 ilikuwa na magurudumu matatu na injini ya cc 89, nguvu ya farasi 7 tu, juu ya matairi manene ya upepo mdogo. Leo zipo za karibu cc 1,000. Siamini kwamba milima imekuwa mikali zaidi tangu wakati huo.

Hata hivyo sisemi injini kubwa haina kazi. Rafiki yangu wa Bwera aliniazima ya cc 500 kwa siku mbili, na ikapanda na magunia sita bila kulalamika. Nilipoichunguza, niliona inavuta kwa magurudumu yote manne na ina gia ya chini ya kupandia. Hizo mbili ndizo zilizofanya kazi kubwa. Kwa mwenye matope ya kuzama magoti, au safari ndefu ya kila siku na mzigo mzito, ningemshauri ainunue. Kwangu mimi uzito wake ulikuwa tatizo. Daraja letu la magogo lililia nilipopita juu yake, na nilirudi nyumbani nikiisukuma mawazoni usiku kucha.

Tena kuna kushuka. Kahawa iliyokwisha kukaushwa inarudi chini kwenda sokoni, na hapo trela ndiyo inayokusukuma. Meno 12 yamenisaidia huko pia, kwa sababu injini inazuia mwendo nikiwa gia ya kwanza. Ng'ombe mmoja nilimuuza kweli, lakini pesa yake ilikwenda kwenye breki ya trela na viatu vipya vya breki ya nyuma.

Jumamosi iliyopita nilipanda na magunia manne, kona ya tatu nikaipita kwa gia ya pili. Saa kumi na moja jioni mashine ya kumenya ilikuwa inazunguka.